Mwaka wa Pumba na Kahawa Iliyonuka Moshi

Mwaka ule tulikula pumba. Watu wa Iyula wa rika langu ukiwauliza ulikuwa mwaka gani hawatakutajia namba, watakwambia tu mwaka wa pumba, na watakunja uso kama wameuma jiwe. Mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa ndevu. Kile kidogo tulichovuna kiliisha kabla ya mwezi wa nane, na baada ya hapo tukaanza kwenda mashineni kununua zile pumba ambazo siku zote tuliwamwagia nguruwe. Unazipepeta, unazitwanga tena, unazisonga, na ugali wake haushikamani, unakatikakatika mkononi kama udongo mkavu. Tuliula kwa majani ya maboga yasiyo na karanga, na siku nyingine kwa chumvi. Nguruwe nao wakakonda, tukawachinja kabla hawajafa wenyewe, na nyama yao haikuwa na mafuta hata ya kupaka midomo. Mimi nilikuwa mke mchanga, bado sijapata mtoto, nina meno yote na mdomo mkali. Mdomo huo ninao mpaka leo.

Mwaka huo nimeukumbuka kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Yusta. Alifia Tunduma, akaletwa Iyula kwenye gari dogo lililotolewa viti vya nyuma. Mimi nilikaa jikoni msibani pamoja na wanawake wengine, tunamenya viazi, moshi wa kuni mbichi unatutoa machozi ambayo watu walidhani yote ni ya marehemu. Binti mmoja aliyeolewa pale kijijini majuzi tu akamwinamia mwenzake akasema, wala hakushusha sauti, "Ndiye huyu Mama Moshi? Yule aliyewaharibia wazee soko la Wazungu?" Mwenzake akamkanyaga mguu. Nikaweka kisu chini. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ulikuwa hujazaliwa. Menya viazi." Akamenya. Lakini nilijua kwamba yeye hakulibuni. Amelikuta jina hilo nyumbani kwa mumewe, limekaa pamoja na vyungu na mikeka, na asipopata mtu wa kumwambia vinginevyo atamwachia mwanawe. Kwa hiyo nasema mimi niliyekuwepo.

Kahawa yetu kabla ya mambo hayo ilikuwa inauzwa hivi. Mnunuzi anakuja na gari, anasimama barabarani, hazimi injini, anataja bei yake akiwa ameshikilia mlango. Ukikataa anaondoka, na wewe unabaki na gunia na watoto. Mwenye njaa zaidi aliuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kisha mwezi wa saba anaichuma kwa mikono yake akijua si yake. Halafu kikundi chetu kikaingia kwenye kitu kilichoitwa biashara ya haki. Alikuja mwanamke wa Kizungu, tukimwita Ana, mrefu, mwenye madoadoa usoni kama yai la kwale, akakaa nasi kwenye ghala la kikundi juu ya magunia. Akasema, na katibu wetu Lameki akatafsiri, kwamba hata bei ya dunia ikianguka vipi, yetu ina sakafu, haitashuka chini ya hapo. Na juu ya bei kutakuwa na fedha ya nyongeza, ya kijiji kizima, tuamue wenyewe tuifanyie nini. Wazee wakatazamana. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia tuamue wenyewe.

Siku ya kuamua ndiyo siku nilipompenda Yusta. Wanaume walitaka gari la kubebea mizigo. Yusta akasimama, kiunoni kafunga kanga mbili kwa sababu ya baridi, akasema wanawake wanataka chumba cha kujifungulia, hapa hapa, maana kutoka Iyula hadi hospitali ya Vwawa kwa machela wengine hawafiki. Mwenyekiti, Mzee Yohana, akacheka. "Wanawake wamezaa tangu enzi za Adamu bila bati wala saruji." Yusta akamjibu pale pale, "Na wamekufa tangu enzi za Hawa, mwenyekiti. Wewe ulizika wangapi?" Watu wakaguna, halafu wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu Mzee Yohana mwenyewe alikuwa amemzika mkewe wa kwanza kwa mambo hayo hayo. Akainama akatazama viatu vyake. Chumba kikapita. Mzigo wa kwanza ukauzwa, nyongeza ikaja, matofali yakachomwa, na mpaka mwaka wa pumba unaanza kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Lililobaki ni paa na mlango, na hilo lilingoja mzigo wa pili.

Ana alituambia pia kwamba huko kwao watu huingia barabarani kwenye baridi, wamebeba mabango, wanaandamana ili mkulima wa kahawa apate haki yake. Sikulala vizuri siku hiyo. Nilimfikiria mwanamke kama mimi, amevaa koti, pua imekuwa nyekundu, anatembea barabarani kwa ajili yangu. Kesho yake nikamwambia Lameki amwulize Ana, "Hao wanaotembea barabarani kwa ajili yangu wananijua?" Ana akasema hawanijui jina, lakini wananijua kama mkulima. Nikasema, "Mwulize, nikikosea watatembea tena?" Lameki akanitazama. "Shemeji, usituharibie." Hakutafsiri. Mume wangu na Lameki walikuwa marafiki, ndiyo maana aliniita hivyo, na ndiyo maana alinipa kazi ya kupokea kahawa ghalani.

Kazi hiyo ilikuwa ya mkono, meno na pua. Unaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, unatoa punje za chini, unaziuma kujua zimekauka, unazinusa kujua hazijachacha wala hazijaota ukungu. Walinichagua mimi kwa sababu ya pua. Maziwa yakianza kugeuka ndani ya kibuyu kilichofungwa, mimi ndiye niliyekuwa najua, na mama mkwe wangu alikuwa akisema pua yangu ingefaa kuajiriwa polisi. Nilijivuna. Nilikaa mlangoni mwa ghala, watu wazima wananiletea magunia yao, wananiita "mama" wakati sina mtoto, wanasubiri nivute pumzi. Ghala lenyewe lilikuwa na giza, linanukia magunia ya katani na maganda makavu, na ukikaa ndani yake unasahau njaa kidogo. Yusta alikuwa anakuja kukaa nami mchana, miguu imevimba. Mumewe alifukiwa na shimo la dhahabu kule Mkwajuni mwezi wa sita, akamwachia mimba changa na shamba la kahawa la kando ya mto. Alikuwa akishika tumbo anasema, "Huyu atazaliwa chini ya bati. Nimempigania kwenye mkutano, asije akazaliwa njiani." Tukacheka. Tulikuwa tunacheka sana mwaka ule, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kucheka hakuhitaji unga.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokosea, maana kosa hili hawezi kulifanya mtu ambaye si wa kwetu. Miezi ya kukaushia kahawa kwetu huwa ni ya jua na upepo. Mwaka ule baada ya kutunyima mvua wakati wa mahindi, mbingu zikatuletea mvua wakati wa kahawa. Ukungu ulishuka asubuhi ukakaa mpaka jioni. Kahawa ilikuwa imemenywa, imeoshwa, imetandazwa kwenye vichanja vya wavu nje, na badala ya kukauka ikaanza kuwa na utelezi. Nailoni za kufunikia hazikutosha. Ukiona kahawa yako inaoza na ndani huna chakula, utafanya nini? Utafanya alivyofanya mama yako na bibi yako. Sisi mbegu ya mahindi hatuiweki stoo. Tunaipandisha darini, juu ya mafiga, moto unawaka chini siku zote, moshi unapanda unaikausha, mdudu haisogelei, na mwaka unaofuata inaota yote. Mahindi ya darini ndiyo mahindi ya heshima. Kwa hiyo watu walipandisha kahawa darini. Hakuna aliyeitisha kikao. Kila nyumba ilifikiri peke yake na zote zikafikiri kitu kimoja.

Ikakauka. Ikawa nzuri, nyepesi, inalia kama changarawe ukiimimina. Ikaja mlangoni kwangu. Nikaingiza mkono, nikauma, nikanusa, nikasema ipite. Mpaka leo naweza kukuapia kwamba sikunusa kibaya chochote. Kwetu moshi si harufu. Moshi uko kwenye blanketi, kwenye nywele za mama, kwenye maziwa, kwenye nyama ya arusi. Kitu kisichonuka moshi ni kitu cha dukani. Nilinusa magunia yale nikaona yananuka nyumbani, nikaona ni kahawa salama kuliko zote nilizowahi kupokea. Gunia la Mzee Yohana alilileta mkewe wa pili, na lilikuwa limekaa darini mpaka kamba yake imekuwa nyeusi. La Lameki lilinuka. La Yusta lilinuka. Langu lilinuka. Tukayamwaga yote pamoja, tukayachanganya kwa majembe ya mbao, tukayashona, tukapakia, tukaimba.

Jibu lilikuja wakati pumba zenyewe zimeanza kupanda bei mashineni. Lameki alipanda kilimani mahali pekee palipokuwa na mtandao wa simu, akashuka amebadilika rangi. Kuna mtu huko mjini kazi yake ni kuonja kahawa, anaivuta kwa kijiko kwa kelele, halafu anaitema. Yetu aliivuta, akaitema, akakataa kuionja mara ya pili. Inanuka moshi. Mzigo mzima. Kwanza watu walicheka. Mke wa Mzee Yohana akasema, "Sasa walitaka inuke nini, marashi?" Mwingine akasema, "Si wanaikaanga wenyewe? Wanaikaanga bila moshi?" Tukacheka mpaka tukagundua kuwa Lameki hacheki.

Ana akarudi, safari hii na mkaguzi kutoka mjini, Bwana Festo, mtu mpole mwenye sweta la kijani na kikohozi. Wazee waliwakaribisha ofisini, chumba cha nyuma cha ghala, na kwa heshima tukawapikia ugali wa unga mweupe tuliouazima nyumba tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao naosha vyombo. Ana hakula. Nilimwona kwenye ufa, macho yamevimba. Alisema, na Lameki akatafsiri, kwamba kwao kuna watu wasioipenda kazi hii, wanasema mkulima maskini hawezi kutoa kahawa nzuri, na wanangoja tu tukosee. Bwana Festo akaeleza kanuni. Kikundi kikimpata aliyeharibu na kumtoa, kosa limefungwa, kikundi kinaendelea, na mwaka ujao nyongeza inakuja kama kawaida. Kisipompata, kosa ni la kikundi, na kikundi kinasimamishwa. Wageni wakatoka kwenda kuutazama ukuta wa chumba cha uzazi. Mzee Yohana na Lameki wakabaki na mabaki ya ugali.

"Ni magunia ya nani?" Mzee Yohana aliuliza.

"Mwenyekiti, unajua ni ya nani. Ni ya wote."

"Wote hatutoki. Atatoka mmoja."

Nikasikia mtu anafuta sahani kwa kidole.

"Yusta," Mzee Yohana akasema. "Hana mume wa kuja kutugombeza. Shamba lake ni dogo. Na ule mdomo wake."

"Yule ni mjamzito, baba."

"Chumba kikiezekwa atazalia humo humo. Si ndicho alichokitaka? Tunamtoa kwenye kikundi, hatumtoi kijijini."

Ndivyo walivyosema. Sikuongeza neno. Na nikuambie ukweli, niliposikia ile ya mwisho, kwamba atazalia humo humo, nilisimama na sahani mkononi nikaona kama lina busara. Mzee Yohana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekula pumba kama mimi, na alikuwa na kijiji kizima mgongoni. Watu wabaya wangenirahisishia kazi.

Mkutano ulikuwa kanisani kwa sababu ya mvua. Watu walijaa, makoti yamelowa, kanisa zima linanuka moshi. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu. Ana alikaa mbele karibu na kinanda. Yusta alikaa nyuma karibu na mlango, mikono juu ya tumbo, anatazama mbele kama mtu anayengoja wimbo uanze. Lameki akaniita nisimame.

"Shemeji, wewe ndiye pua ya kikundi. Gunia la Yusta ulilipokea?"

"Nililipokea."

"Lilinuka moshi?"

"Lilinuka."

Watu wakavuta pumzi. Lameki akamgeukia Ana atafsiri, nikamwambia, "Ngoja, sijamaliza. La mwenyekiti lilinuka. La kwako lilinuka, na mkeo alilifunga kwa kamba ya mbuzi, ninaikumbuka. Langu lilinuka."

Mzee Yohana akasimama. "Hatukukuuliza hayo."

"Ndiyo ninayoyajibu, baba."

"Enesi, sikiliza. Wageni wanataka mtu mmoja. Mmoja tu, na watoto wote hawa waokoke. Ulipokea wewe, unajua wewe. Taja mmoja. Kama humtaki Yusta taja mwingine, taja hata mimi."

Alijua siwezi kumtaja yeye. Hata hivyo nilimtazama, na nikaona anaogopa kwamba huenda nikamtaja. Mume wangu hakuwepo wa kunivuta nguo, alikuwa Mkwajuni kwenye mashimo yale yale. Nikasema, "Simtoi mtu. Moshi ni wetu wote."

Kanisa lilipasuka kelele. Mwanamke mmoja, mwenye watoto wadogo, alinirushia kandambili yake yenye matope ikanipiga begani. Lameki alimwambia Ana maneno machache, machache kuliko niliyosema mimi, na Ana akafunika uso kwa mikono. Tulipotoka nje alininyooshea mkono, nikaushika, ulikuwa wa baridi. Akasema kitu kwa lugha yake na hakukuwa na mtu wa kutafsiri, Lameki alikuwa ameondoka. Nilitamani kumwuliza lile swali langu la zamani, kama kule kwao wataandamana tena. Gari likaondoka likateleza kwenye tope, vijana wakalisukuma. Kikundi kikasimamishwa. Kahawa yetu ikanunuliwa na yule wa kushikilia mlango wa gari, kwa bei aliyoitaka, na akasema yeye moshi haumsumbui.

Sitaki kuichora siku ya Yusta kwa maua. Ilikuwa asubuhi, mvua za mwaka mpya, barabara imekatika kwenye daraja la miti. Uchungu ulimshika alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Wanaume wakafunga blanketi kwenye miti miwili, tukambeba kuelekea Vwawa, na njia yetu ilipita mbele ya kile chumba. Kuta zimesimama, lenta imekauka, ndani mvua inanyesha kama nje. Yusta aligeuza kichwa akakitazama mpaka tukapita. Mzee Yohana alikuwa mmoja wa waliobeba, mbele kulia, na sikumsikia akilalamika hata alipoanguka kwa goti. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika barabara kuu, kwenye kibanda cha mtu cha kuhifadhia mbolea. Alikuwa wa kiume, mzima wa viungo vyote, ila hakulia. Nilimpangusa kwa kanga yangu, nikampuliza puani, nikampiga mgongoni. Hakulia.

Yusta alipata nafuu baada ya majuma. Nilikwenda kumwona, nimebeba kibakuli cha uji wa pumba nilioutia maziwa niliyoyaomba. Alikuwa amekaa jikoni kwake, chini ya lile dari, sasa tupu. Nikamsalimu, "Mwagona." Akakipokea kibakuli, akakiweka chini, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia mlango uko wazi, "Ungenitoa tu, Enesi. Mimi ningekula pumba nje ya kikundi kama nilivyozila ndani. Chumba kingeezekwa."

Miaka zaidi ya ishirini nimelitafuta jibu la kumpa, nimezaa, nimezika mume, nimelea watoto ambao mmoja ni fundi umeme na mwingine anafundisha shule, najivuna nao, na bado sijalipata. Nikikaa peke yangu huwa nawaona wale watu wa mabango. Siwadharau. Mtu anayetembea kwenye baridi kwa ajili ya mtu asiyemjua ana moyo. Sakafu ya bei waliyotuwekea ilikuwa sakafu kweli, mwaka ule mmoja tulisimama juu yake tukajiona watu. Lakini haki ile ilikuja na kijiko chake, ikatuonja, ikatutema, halafu ikatuambia tukachague wa kumtupa. Wao walikuwa na shida na kikombe chao. Sisi ndio tuliotakiwa kutoa mtu.

Yusta alihamia Tunduma, mpakani na Zambia. Kijijini wakampa lile jina, Mama Moshi, ingawa hakuna aliyemtaja, kwa sababu watu wakikosa wa kumlaumu humchukua aliyeondoka. Ilipita miaka mingi bila mimi kumwona. Siku moja nimekwenda mpakani kununua mashuka, nikasikia sauti inaamkia wateja kwa Kibemba kwenye meza za wanawake wanaouza chikanda, ile ya viazi vya porini vilivyotwangwa na karanga, wanaipika wanaikata vipande kama soseji. "Bamayo, shani mukwai! Njoo uonje!" Alikuwa Yusta, amenenepa. Akaniona, akakata kipande, akanipa kwenye ncha ya kisu. Nikala. Kilikuwa kimepikwa kwa kuni.

"Kinanuka moshi," nikasema.

"Wazambia hawajawahi kulalamika," akasema. Tukacheka, na kicheko kilipoisha hakikuacha kitu cha kushika. Akawafungia wateja wawili, akahesabu chenji, kisha akasema bila kunitazama, "Nilikuchukia sana. Halafu nikachoka, biashara haikusubiri. Ila nakuomba kitu kimoja. Usije ukawatajia watu wa kikundi mtu mwingine yeyote. Wakikujia hata nikiwa nimekufa. Kama ulikuwa utamtaja mtu, ungemtaja siku ile. Ukimtaja baadaye, basi mwanangu alikufa bure." Nikasema nimesikia. Akanifungia vipande vingine kwenye karatasi, akakataa hela yangu.

Ndiyo maana siku ya mazishi, tulipotoka makaburini na Lameki akanivuta pembeni, nilijua kabla hajafungua mdomo. Amezeeka, anatembea na fimbo, bado ananiita shemeji. Akaniambia kikundi kinafufuliwa. Kuna wanunuzi wapya, wa haki pia, wameona kahawa yetu ni nzuri, na nyongeza iko pale pale. Kile chumba kitaezekwa hatimaye. Kuta bado zipo, mpera umeota katikati ya chumba na watoto wanachuma mapera kupitia dirishani. Ila wanunuzi wameona kwamba tulisimamishwa zamani kwa kosa ambalo halikufungwa, wanataka lifungwe. Nani alifanya, na alichukuliwa hatua gani.

"Mzee Yohana amekufa," akasema. "Gunia lake ndilo lililokuwa jeusi kuliko yote, na kwamba lilinuka ulisema mwenyewe kanisani. Mtu aliyekufa hatolewi popote, shemeji, hadhuriki. Tukimtaja yeye, Yusta anasafishika leo hii, udongo wake haujakauka. Lile jina linakufa. Na wewe una yule binti yako, si ana mimba? Atazalia wapi, juu ya bodaboda?"

Alikuwa anasema kweli yote. Binti yangu alikuwa amesimama pale pale, miguu imevimba kama ya Yusta, anatafuta kivuli. Yule binti wa viazi naye alikuwa karibu, amebeba ndoo, ametega sikio. Wake wa watoto wa Mzee Yohana walikuwa wanaosha masufuria na moshi wa jiko la msiba ulikuwa umetuingia sote kwenye nguo. Lameki akaniegemea, akasema polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa, "Jina moja tu, shemeji. La marehemu."

Nikasema kwa sauti, ili na yule binti asikie.

"Simtoi mtu. Moshi ni wetu wote."